Vitofali Vilivyopakwa Dawa Zamani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kupaka Upya

Mvua za masika zinapokatika, kasoro za nyua zilizotandazwa vitofali hujitokeza zenyewe. Mbele ya zahanati, katika njia za shule, kwenye viwanja vya nyumba za ibada na katika makazi ya watu, vitofali vilivyokuwa vikimeta miaka miwili au mitatu iliyopita huonekana vimepauka, vimeota madoa meupe, au vimefunikwa na ngozi nyembamba inayobanduka kama ganda la kitunguu. Uamuzi unaofuata kwa kawaida ni mmoja. Fundi huitwa, kopo jipya la dawa hununuliwa, uwanja hufagiliwa, na dawa mpya humwagwa juu ya ile ya zamani. Kwa majuma machache kila kitu hupendeza. Kisha weupe hurudi, safari hii ukiwa chini ya tabaka mbili badala ya moja.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na hatua ambazo mkazi au kamati inapaswa kuzifuata kabla ya kupaka upya dawa ya kukinga vitofali, ambayo mafundi wengi huiita sila. Jambo la msingi ni hili: dawa ya pili haiponyi makosa ya dawa ya kwanza, huyafungia ndani. Kwa hiyo kazi ya kupaka upya huanza kwa kukagua kilichopo, na kununua huja baadaye.

Suala hili lina uzito kuliko urembo wa uwanja. Utando wa dawa uliorundikana huwa laini kama kioo, na ukilowa huteleza. Njia ya zahanati hupitwa na wajawazito, wazee wanaotembelea mkongojo na kina mama waliobeba watoto mgongoni. Kuanguka kwa mmoja wao ni hasara isiyolipika kwa kopo lolote la dawa. Aidha, fedha zinazotumika katika kazi hizi mara nyingi ni michango ya wananchi au mapato ya kituo. Kazi inayobanduka baada ya miezi mitatu ni fedha iliyotupwa, na kuibandua hugharimu nguvu nyingi kuliko kuipaka.

Dawa za aina mbili, tabia mbili

Vitofali vinavyotandazwa chini, vile ambavyo wengi huviita pevingi, viko vya namna mbili kuu. Kuna vya saruji na mchanga, vinavyofyatuliwa kwa mashine. Kwa kawaida hutengenezwa kwa unene wa milimita 60 kwa njia za miguu na milimita 80 kwa sehemu zinazopitwa na magari. Kuna pia vya udongo uliochomwa. Vyote viwili vina vinyweleo, yaani vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunyonya maji, mafuta na uchafu. Dawa ya kukinga hupakwa ili kupunguza unyonyaji huo, kutunza rangi na kurahisisha usafi.

Dawa zenyewe zimegawanyika katika jamii mbili. Jamii ya kwanza ni ya dawa zinazozama. Hizi huingia ndani ya vinyweleo na kuvifanya vikatae maji, bila kuacha utando wowote juu. Kitofali hubaki na sura yake ya asili, hakimeti, na mvuke ulioko ardhini huendelea kutoka. Jamii ya pili ni ya dawa zinazofanya utando. Hizi hukaa juu ya kitofali kama rangi isiyo na rangi, hukifanya king'ae au kiwe na mwonekano wa kulowa. Nyingi katika jamii hii hutengenezwa kwa akriliki. Baadhi huyeyushwa kwa maji na nyingine kwa thina. Zipo pia za poliyurethini, ambazo utando wake ni mgumu zaidi.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kazi nzima. Dawa inayozama haiwezi kuzama mahali palipokwisha kufunikwa na utando. Itabaki juu, ikauke vibaya na kuacha michirizi. Dawa ya akriliki ya thina, ikipakwa juu ya utando wa jamii yake, huulainisha ule wa zamani na kushikana nao ukawa kitu kimoja. Lakini dawa ya maji ikipakwa juu ya utando wa thina, mara nyingi hushindwa kushika na huanza kubanduka. Nayo poliyurethini haishiki vyema juu ya utando mkongwe usiokwaruzwa. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mwangalifu si bei ya dawa. Huuliza ni dawa gani iliyopakwa mara ya kwanza.

Weupe hutoka wapi

Watu wengi hudhani madoa meupe ni uchafu ulioingia kutoka juu. Kwa kweli mara nyingi hutoka chini. Saruji ina chokaa ndani yake. Maji yanapopita katika kitofali huyeyusha sehemu ya chokaa hiyo, huibeba hadi juu, na maji yanapokauka chokaa hukutana na hewa na kugeuka kuwa unga mweupe usioyeyuka kwa maji. Katika matofali ya udongo, chumvi zilizomo katika udongo au ardhini hufuata njia hiyo hiyo. Kitofali kisicho na utando hutoa chumvi hiyo nje, ambako itafagiliwa na kuisha kadiri muda unavyopita. Kitofali chenye utando huizuia njiani. Chumvi hujikusanya chini ya utando na kuonekana kama wingu. Katika tofali la udongo lililochomwa kwa moto hafifu, chumvi hiyo inaweza kusukuma uso wa tofali hadi ukamenyeka.

Weupe wa namna ya pili hutokana na unyevu. Dawa ikipakwa juu ya kitofali ambacho hakijakauka, maji hunaswa chini yake na utando hupoteza uangavu, ukawa kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Namna ya tatu hutokana na wingi wa dawa: mpako mzito hukauka juu kabla ya ndani, ukatoa mapovu na ukungu.

Zaidi ya hayo, utando huchakaa kwa sababu za kawaida. Jua kali huudhoofisha, mchanga ulio chini ya viatu huukwaruza, na magurudumu yenye joto huuvuta. Kwa wastani, mpako unaofanya utando huhitaji kuangaliwa upya kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, kutegemea wingi wa wapitao na ukali wa jua. Hiyo haina maana kwamba ni lazima upakwe upya kila muda huo ufikapo. Kinachoamua ni vipimo.

Vipimo vinne vya mkazi

Vipimo vifuatavyo havihitaji maabara, na vyote vinaweza kufanywa kabla ya kutoa shilingi moja ya dawa.

Kipimo cha kwanza ni cha maji. Siku isiyo na mvua, matone ya maji huwekwa katika sehemu kadhaa za uwanja: njia kuu ya wapitao, pembeni kusikopitwa, penye kivuli na penye jua. Matone yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, kinga bado ipo. Yakinywewa na kitofali kikageuka kuwa cheusi ndani ya dakika chache, kinga imekwisha mahali hapo. Ni jambo la kawaida kukuta njia kuu imekwisha na pembeni bado ni imara. Katika hali hiyo si lazima kupaka uwanja wote.

Kipimo cha pili ni cha gundi. Kipande cha utepe wa gundi hubandikwa juu ya kitofali, husuguliwa kwa kidole, kisha huvutwa kwa ghafla. Utepe ukitoka na magamba ya utando, dawa ya zamani haina mshiko. Kupaka juu yake ni sawa na kubandika karatasi juu ya ukuta unaomomonyoka.

Kipimo cha tatu ni cha thina, na kinafaa kufanywa na fundi aliyevaa glavu, mbali na moto. Tone dogo la zailini, au la thina inayotajwa kwenye maelezo ya dawa za akriliki, huwekwa mahali pasipoonekana sana na kuachwa kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja. Utando ukilainika na kunata chini ya kidole chenye glavu, yaelekea ni akriliki ya thina. Ukibaki mgumu, huenda ni wa jamii nyingine, kama vile poliyurethini. Iwapo hakuna utando unaoonekana kabisa, lakini maji yalisimama katika kipimo cha kwanza, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba iliyotumika ni dawa inayozama.

Kipimo cha nne ni cha unyevu. Kipande cha nailoni angavu chenye upana wa takribani sentimita 45 kila upande hulazwa juu ya vitofali na kubanwa kingo zote kwa utepe wa gundi, kisha huachwa usiku kucha. Asubuhi, kama upande wa chini wa nailoni una matone, au vitofali vilivyofunikwa vimekuwa vyeusi kuliko jirani zake, ardhi bado inatoa maji. Uwanja wa namna hiyo haupakwi utando. Pengine unahitaji siku zaidi za kukauka, au kuna tatizo kubwa zaidi: bomba linalovuja, mfereji uliojaa, au maji ya paa yanayomwagika pale pale. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa wenye maji ndani yake hukaushwa kwanza ndipo uzibwe.

Matokeo na uamuzi

Vipimo hivyo humpa mkazi njia nne za kuchagua.

Kama maji yanasimama na utando haubanduki, uwanja hauhitaji dawa. Unahitaji kuoshwa. Kuongeza mpako juu ya mpako ulio mzima ndiko kunakozaa unene, utelezi na ukungu.

Kama maji yananywewa na hakuna utando uliobaki, uwanja unaweza kuoshwa, kukaushwa na kupakwa. Iwapo dawa ya zamani ilikuwa ya kuzama, busara ni kurudia ile ile, kwa sababu vinyweleo ambavyo bado vinakataa maji hukataa pia dawa nyingine iliyoyeyushwa kwa maji.

Kama utando umechakaa lakini umeshika, dawa mpya iwe ya jamii ile ile. Penye ukungu mwepesi wa unyevu juu ya akriliki ya thina, mafundi wazoefu huweza kupaka kiasi kidogo cha thina inayofaa ili utando ulainike, unyevu utoke na uangavu urejee. Hilo lijaribiwe kwanza katika eneo dogo.

Kama utando unabanduka, una tabaka nyingi, au umefunika chumvi, hakuna njia ya mkato. Hubanduliwa wote.

Kubandua kwa usalama

Dawa ya kubandulia hupakwa juu ya utando, ikaachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha utando uliolegea hukwanguliwa na kuoshwa. Mashine ya maji ya presha, kama zinazotumika kuoshea magari, husaidia. Lakini mdomo wake ukisogezwa karibu mno huchimba uso wa kitofali na kuondoa mchanga wote katika maungio. Matofali ya udongo yaliyo laini huumia upesi zaidi.

Baada ya kubandua, chumvi huondolewa kwanza kwa brashi ngumu ikiwa kavu, na unga wake hufagiwa na kuzolewa. Madoa yaliyosalia huweza kusuguliwa kwa dawa maalumu ya kuondolea chumvi kwenye saruji. Kuna mazoea ya kutumia asidi ya kusafishia vyoo, au hata asidi ya betri. Mazoea hayo yaachwe. Asidi hula saruji yenyewe na kuondoa rangi ya kitofali. Asidi ya betri hugeuza sehemu ya saruji kuwa jasi, ambayo huvimba na kuharibu uso. Fundi anayelazimika kutumia asidi dhaifu aimimine asidi ndani ya maji mengi, asimimine kamwe maji ndani ya asidi, na auoshe uwanja vizuri baadaye.

Maji yenye mabaki ya dawa yasielekezwe kwenye mfereji wa mvua, kisima, bustani ya mboga wala shimo la maji ya mifugo. Mabaki yazuiwe kwa mchanga au maranda ya mbao, yazolewe, na yahifadhiwe mbali na watoto hadi yatakapotupwa mahali panaporuhusiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mazingira, na wajibu huo hauishii kwenye viwanda vikubwa.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya moto. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini na unaweza kufika mbali na mahali kopo lilipofunguliwa. Katika nyua nyingi za umma kuna mama lishe wenye majiko ya mkaa, wavutaji wa sigara na bodaboda zinazowashwa. Siku ya kazi, majiko yahamishwe au yazimwe, eneo lizungushiwe kamba, na wagonjwa au wanafunzi waelekezwe njia nyingine. Mafundi wavae glavu, miwani ya kinga na barakoa inayozuia mvuke. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Petroli isitumike kamwe badala ya thina.

Kuandaa uwanja

Dawa hailingani na ukarabati. Vitofali vilivyotitia huinuliwa, mchanga wa chini husawazishwa na kushindiliwa, ndipo hurudishwa. Vilivyovunjika hubadilishwa. Kingo za pembeni zilizolegea hukazwa, kwa maana kingo zikiachia, uwanja wote hutawanyika polepole. Mteremko nao hukaguliwa: takribani sentimita 2 kwa kila mita 1 hutosha kupeleka maji kwenye mfereji. Penye dimbwi baada ya mvua, dawa haitasaidia chochote.

Magugu hung'olewa na mizizi yake. Madoa ya mafuta ya pikipiki na magari husuguliwa kwa sabuni ya kuondolea mafuta, kwa sababu dawa haishiki juu ya mafuta. Utelezi wa kijani unaoota penye kivuli huondolewa wote, na chanzo chake, yaani unyevu wa kudumu, hutafutwa. Kisha uwanja huoshwa na kuachwa ukauke kwa muda usiopungua saa 24, na mara nyingi saa 48 ndizo zinazofaa. Uwanja ulio chini ya miti au ukuta mrefu huhitaji zaidi. Kipimo cha nailoni hurudiwa hapa.

Mchanga wa maungio nao haufai kusahauliwa. Vitofali havishikwi na saruji. Hushikwa na mchanga uliojaa katikati yake, unaofanya kila kimoja kimbane mwenzake. Mchanga mkavu na mwembamba, usio na chumvi wala udongo, humwagwa, hufagiliwa ndani ya maungio na kushindiliwa, kisha huachwa milimita chache chini ya uso wa kitofali. Mchanga wa ufukweni hautumiki, kwa kuwa huleta chumvi ile ile iliyokwisha kuondolewa kwa taabu. Mchanga wote uliobaki juu hufagiliwa kabisa. Punje iliyosahaulika itagandishwa chini ya dawa.

Siku na saa ya kupaka

Katika sehemu kubwa ya nchi, miezi kati ya Juni na Septemba ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa ardhi imekauka na mvua ni haba. Kazi isifanyike katikati ya masika wala vuli kwa kutegemea siku moja ya jua, kwani maji yaliyo chini ya vitofali hayakauki kwa siku moja.

Saa pia ina uzito. Kitofali kilichochomwa na jua la mchana huwa na joto kali kuliko hewa inayokizunguka. Dawa ikigusa uso huo hukauka kabla ya kutulia, ikatoa mapovu na nyuzi nyuzi kama za buibui. Kipimo rahisi ni kiganja: kama hakiwezi kutulia juu ya kitofali bila kuungua, kazi isubiri. Asubuhi, umande ukishakauka na jua kabla ya kupanda, au alasiri jua likishapungua, ndio wakati mwafaka. Pasiwe na dalili ya mvua kwa saa 24 zinazofuata.

Kabla ya kupaka uwanja wote, eneo la mita 1 ya mraba hupakwa kama jaribio na kuachwa kwa siku kadhaa. Jaribio hilo huonyesha rangi, mshiko na utelezi, na ni bima ya bei nafuu kuliko zote.

Dawa hupakwa kwa rola au kwa bomba la kupulizia lililo safi, ambalo halijawahi kutumika kwa viuatilifu vya shambani, na madimbwi yote husambazwa kabla hayajakauka. Mipako miwili myembamba hushinda mmoja mzito. Mpako wa pili hupakwa baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Penye mteremko, ngazi au mlango wa kituo cha afya, dawa ya kung'aa iepukwe, au ichanganywe na chembechembe za kuzuia utelezi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Baada ya hapo watu wasipite hadi muda ulioelekezwa uishe, ambao kwa dawa nyingi ni kati ya saa chache na siku nzima, na magari yasubiri siku mbili hadi tatu.

Hesabu na makubaliano

Kiasi cha dawa hukadiriwa kwa vipimo vya uwanja na maelezo ya kopo. Kwa mfano, uwanja wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 una mita za mraba 60. Iwapo kopo linaeleza kwamba lita 1 hutosha mita za mraba 5, mpako mmoja utahitaji lita 12, na mipako miwili lita 24. Fundi anayedai lita 50 kwa uwanja huo aulizwe sababu; anayedai lita 8 aulizwe pia, kwa kuwa huenda amekusudia kuichuja dawa kwa thina kupita kiasi. Mpako wa pili mara nyingi hunywa dawa pungufu, hivyo ni vyema makopo ya mwisho yasifunguliwe hadi yahitajike.

Shule na zahanati zinazofanya kazi kwa utaratibu wa force akaunti zina kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kamati ya ujenzi inafaa kuandika matokeo ya vipimo vinne kabla ya kuomba dawa. Kamati ya manunuzi inunue jamii ya dawa iliyothibitishwa na vipimo hivyo, si ile iliyopo dukani siku hiyo. Kamati ya mapokezi ihakikishe kwamba makopo yamefungwa, yana maelezo kamili na muda wake wa matumizi haujapita. Katika makubaliano na fundi, malipo ya mwisho yafuate ukaguzi wa uwanja uliokauka, baada ya kumwagiwa maji na kupitwa kwa miguu, kuliko kufuata mng'ao wa siku ya kwanza.

Baada ya kazi

Uwanja uliopakwa vyema hauhitaji mengi. Ufagio wa kila siku huondoa mchanga unaokwaruza utando. Mafuta yaliyomwagika hufyonzwa kwa mchanga au maranda siku hiyo hiyo. Maji na sabuni laini hutosha kwa usafi. Dawa kali za kusafishia vyoo zisimwagwe juu ya vitofali. Mara moja kwa mwaka, baada ya masika, kipimo cha matone ya maji hurudiwa.

Mkazi au kamati yenye shaka juu ya uwanja unaotitia, maji yasiyopata njia au utando usiotambulika inaweza kupeleka suala hilo kwa Mtendaji wa Kata, ili liwasilishwe kwa ofisi ya mhandisi wa Halmashauri kabla ya fedha kutumika. Kwa vitofali vilivyo kando ya barabara, ndani ya hifadhi yake, ruhusa itafutwe kwanza kwa mamlaka inayosimamia barabara hiyo.

Linabaki jambo moja dogo ambalo halina gharama. Ugumu mwingi wa kupaka upya hutokana na kutojua kilichopakwa awali: fundi wa kwanza amehama, kopo limetupwa, na hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo kazi inapokamilika, jina na jamii ya dawa, idadi ya lita, tarehe na jina la fundi viandikwe katika daftari la kituo au la nyumba, na karatasi ya maelezo ya kopo ihifadhiwe humo. Baada ya miaka mitatu, atakayefungua daftari hilo hatalazimika kuanza kwa kubahatisha.